Usinunue kifuniko cha kemshafti peke yake

Ndugu, nimeelewa kwamba vifuniko viwili vya beringi za kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ya pikipiki yako vimekwaruzika, kimoja kimepata ufa, na fundi amekushauri ununue vingine vilivyotumika Kirinyaga Road, Nairobi. Nakusihi usifanye hivyo. Kiwandani, vifuniko hutobolewa vikiwa vimefungwa kwenye silinda hedi yake (kichwa cha injini), kwa hiyo hulingana na hedi hiyo tu; kifuniko cha injini nyingine, hata ya modeli ileile, kinaweza kuibana kemshafti au kuacha nafasi inayopoteza presha ya oili.

Tafuta hedi kamili yenye vifuniko vyake vya asili, ama uipeleke yako kwenye karakana ya kuchonga injini, Industrial Area, inayoweza kujaza aluminiamu na kutoboa upya mstari mzima. Mimi ningechagua hedi kamili.

Kabla ya kufunga chochote, tafuta chanzo. Mikwaruzo ya namna hii mara nyingi hutokana na ukosefu wa oili, kwa hiyo kagua pampu, chujio na njia za oili, la sivyo hedi utakayoinunua itaharibika vilevile. Kisha paka oili, fuata alama za vifuniko, kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, na umalizie kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Fundi asiye na spana hiyo asizikaze bolti hizo.

Kwa sasa usiiwashe injini kabisa, kwani kemshafti ikikwama, cheni ya taimingi inaweza kukatika na valvu zikagonga pistoni.