Jikoni na Shangazi: hemu imebaki, viazi vimegoma kuiva

*Shikamoo Shangazi. Mwenzio nimeaibika. Tulikuwa na wageni, ikabaki hemu nyingi tu kwenye friji, nikasema ngoja nipike vile viazi vya krimu vya kuoka, vyenye chizi juu, niimalizie humo. Nikakata viazi nikavipanga na hemu, nikamwagia maziwa yale yasiyo na mafuta ndo nilikuwa nayo, krimu chachu kidogo, kijiko cha chumvi, chizi, nikasukumia kwenye oveni. Saa nzima na robo! Juu pameanza kuungua, chini viazi vinalia kra kra kama karoti mbichi, maziwa yamekatika yamekuwa vidonge vidonge vinaelea kwenye maji, na chumvi ndo usiniulize kabisa, mume wangu kamaliza jagi zima la maji. Nimekosea wapi? Manake hemu nyingine bado ipo. Mama Viazi Vigumu.*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimecheka hapo kwenye jagi la maji, nisamehe, ila nimecheka kwa sababu na mimi yalishanikuta, tena mbele ya mawifi.

Kabla ya viazi nikuulize, wageni waliondoka lini? Hujasema, na hilo ndo la kwanza. Hemu iliyokwisha kupikwa inakaa kwenye friji siku 3 hadi 4, na friji yenyewe iwe kwenye nyuzi 4 kushuka chini. Kama ilikaa mezani zaidi ya saa 2 watu wanapiga stori, au imeshaanza kuteleza teleza na kutoa harufu ya uchachu, itupe tu mwanangu, usiseme moto utaua kila kitu, kuna sumu za bakteria hazitoki hata uchemshe. Kama bado iko ndani ya siku zake endelea kusoma.

Sasa kwa nini viazi viligoma. Watu wengi wanadhani ni oveni. Oveni haina kosa hapo, we umeipa bakuli zito lililojaa maziwa ya baridi na viazi vya baridi, hapo katikati panachukua muda mrefu sana kupata moto wakati juu panaungua. Halafu ile krimu chachu ndo ilimalizia kabisa. Kitu chochote chenye uchachu, iwe ndimu, siki, mtindi au hiyo krimu chachu, kinafanya kuta za kiazi zikaze, kiazi kinakaa kwenye moto na hakilainiki. Kama unapenda ule uchachu tia kijiko kimoja mwishoni kwenye sosi, viazi vikiwa vimeshalainika.

Na maziwa kukatika ni hadithi hiyohiyo. Maziwa yasiyo na mafuta, moto mrefu, chumvi nyingi, uchachu, yaani umeyakusanyia maadui wote siku moja, lazima protini zijikunje na maji yajitenge. Mafuta yanasaidia maziwa kuvumilia moto, ndo maana krimu nzito haikatiki kirahisi, na wanga pia unasaidia, unazifunika zile protini zisigandamane. Kwa hiyo ukitumia maziwa ya kawaida yenye mafuta yake na unga kidogo huhitaji hata krimu ya gharama.

Hivi ndo mi napika, kwa watu kama 6. Viazi kilo moja na robo, maziwa yenye mafuta mililita 800, siagi gramu 40, unga wa ngano vijiko vikubwa 4 vya kusawazisha, chizi gramu 150, hemu gramu 300, kitunguu kimoja kikubwa, punje 2 za kitunguu saumu, pilipili manga, kungumanga ya kukwaruza kidogo sana, na kijiko kidogo cha haradali kama ipo. Chumvi sijaitaja, na sijasahau.

Chagua viazi vya unga unga, vile ukichemsha vinataka kupasuka, vina wanga mwingi na ndo vinaleta ule uzito. Vile vingine vinavyobaki vigumu vigumu na kung'aa ni vya saladi, hapa vitakaa kwenye sosi kama wageni wasiojuana. Menya, kata slesi za milimita 3, nene kama sarafu mbili ulizobebanisha hivi, zilingane lingane, maana ukichanganya nene na nyembamba nyingine zitakuwa uji nyingine bado mbichi. Na ukishakata USIOSHE tena! Najua mkono unawasha kusuuza, lakini ule weupe unaoshika vidole ndo wanga wenyewe, ukiumwaga kwenye sinki umemwaga sosi yako. Osha kiazi kizima kabla ya kukata, basi.

Mimina maziwa kwenye sufuria pana, tumbukiza slesi, moto mdogo, yawe yanatokota kwa mbali tu, dakika 8 mpaka 10, huku unageuza taratibu na mwiko mpaka chini kabisa maana yanapenda kushika. Hapa usiende kujibu meseji. Ukichoma slesi na kisu kinaingia lakini slesi haivunjiki, toa viazi weka pembeni, maziwa yaache, sa hivi yameshakuwa mazito kidogo yenyewe.

Wakati huo hemu. Kata vipande vya sentimita moja, weka kwenye kikaango kikavu dakika 4 au 5 mpaka ikauke maji na pembe zianze kuwa za kahawia. Watu wanairuka hii hatua kisa hemu imeshaiva, ila hemu imejaa maji, wakati wa kuitengeneza inalowekwa au kudungwa maji ya chumvi, sasa usipoyatoa kwenye kikaango yatatokea ndani ya bakuli na kukulegezea sosi. Toa hemu, kwenye kikaango hichohicho kaanga kitunguu na siagi mpaka kilainike, saumu iingie mwishoni, tia unga, koroga dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi sana, nia ni ule ubichi wa unga utoke. Halafu maziwa yale ya viazi, kidogo kidogo, ukimwaga yote kwa mpigo utapata madonge na utanilaumu mimi. Ikishakuwa nzito kama uji mwepesi epua, NDO utie haradali, kungumanga, pilipili manga na nusu ya chizi. Chizi ikipigwa moto mkali inajitenga, mafuta huku nyuzi ngumu kule, kwa hiyo itie moto ukiwa umezimwa.

Sasa chumvi. Changanya hemu kwenye sosi, subiri dakika 2, onja. Hemu ina chumvi ya kwake, chizi ina ya kwake, mara 9 kati ya 10 mi siongezi hata chembe. We ulitia kijiko kabla ya kuonja, ndo ukaua. Na kama hemu yenyewe ni kali sana, loweka vipande kwenye maji ya baridi nusu saa au vichemshe dakika 5 umwage maji, halafu ndo ukaange.

Pakaza bakuli siagi, panga viazi, mwagia sosi, tikisa bakuli ili iingie chini. Acha sentimita 2 juu zisijae, itachemka na kumwagika, na sosi iliyoungulia chini ya oveni inanuka wiki nzima. Mi huwa naweka trei chini yake, siamini bakuli lolote. Funika na foili, nyuzi 180, kama oveni yako ina feni basi 160, nusu saa. Toa foili, mwaga chizi iliyobaki, rudisha dakika 20 hadi 25 mpaka ipate ukoko wa dhahabu na pembeni panatokota. Ukitaka ukoko wa kelele zaidi changanya chizi na chenga za mkate zilizopakwa siagi.

Na ukiitoa iache ipumzike dakika 15, usiguse. Najua harufu inawatesa watu, ila sosi ikiwa ya moto sana inakimbia kila upande na ukikata inakuwa supu, ikipoa kidogo inajishika. Chizi ya kukwaruza mwenyewe ni bora kuliko ile ya paketi iliyokwisha kukwaruzwa, ile inapakwa unga unga isigandamane, haiyeyuki vizuri. Chedda iliyokomaa inafaa, Gruyère kama umeipata inafaa zaidi, mozarela inavutika tu kwa ajili ya picha, ladha hamna.

*Shangazi habari, naweza kutayarisha usiku nikaoka kesho yake? Na ikibaki naweza kugandisha? Mvivu wa Asubuhi.*

Nzuri mpenzi. Kutayarisha ndio, fika mpaka pale pa kufunika foili, iache ipoe, ingiza friji usiku huo. Kwa kuwa viazi vimeshapita kwenye maziwa ya moto havitakuwa vyeusi, kinachogeuka rangi ni kiazi kibichi kikikutana na hewa. Kesho yake toa nje mapema kidogo, hasa kama bakuli ni la kioo, kioo cha baridi kwenye oveni ya moto kinaweza kupasuka, halafu ongeza kama dakika 15.

Kugandisha hapana. Kuna watu wanagandisha na wanasema iko sawa, mi nasema hawajala ile ya siku ya kwanza. Kiazi kikiyeyuka kinakuwa kama sponji na sosi inatoa maji. Gandisha hemu peke yake ikiwa imeshakatwa vipande, mwezi mmoja hadi miwili iko vizuri, viazi utanunua siku hiyo. Iliyobaki kwenye bakuli ipashe moto kwenye oveni ukiwa umefunika na umenyunyizia maziwa vijiko viwili, katikati kuwe na moto kweli kweli, nyuzi 74 kama una kipimo. Mikroweivu sawa ila ukoko utauaga.

*Assalaam alaykum Shangazi, sisi nguruwe hatuli, je hii chakula si yetu? Msomaji wa Kimya Kimya.*

Waalaykum salaam, ni yenu kabisa. Bata mzinga au kuku aliyekaushwa kwa moshi ndo anakaribia zaidi, maana kinachotafutwa pale ni moshi na chumvi. Nyama ya ng'ombe ya kukaushwa kwa chumvi nayo inakwenda, ila kata vidogo. Ukitumia kuku wa kawaida aliyebaki, hapo ile sheria yangu ya chumvi inageuka, sosi utaikuta imepooza, anza na nusu kijiko kidogo uonje. Uyoga pia, kaanga mpaka maji yaishe yote, uyoga una maji kuliko unavyoonekana.

*Shangazi kwa heshima zote, kile chakula asili yake Wafaransa na hawatii chizi wala unga. Unapotosha watu. Mjuaji.*

Mjuaji umejuaje. Ni kweli, gratin dauphinois ya jimbo la kale la Dauphiné, kusini mashariki mwa Ufaransa, kwa asili yake ni viazi, maziwa au krimu, saumu, na wanaoshika mila hawataki kusikia chizi. Imetajwa tangu mwaka 1788, kwenye mlo mmoja mji wa Gap. Ila mi sijasema napika hiyo. Hii yangu yenye sosi ya unga iko karibu zaidi na ile Wamarekani wanaita scalloped potatoes, na ni chakula cha kumalizia hemu, hakiendi mashindanoni. Siku nikipika ya Kifaransa nitakuita uje kuikagua.

*Mimi nimebaki na mfupa tu, nyama wamemaliza. Nitupe? Mkia wa Foleni.*

Weee usithubutu! Uweke kwenye yale maziwa mililita 800 kabla ya viazi, moto mdogo dakika 20, ukiwa umefunika, halafu utoe na uendelee kama nilivyomwelekeza Mama Viazi Vigumu. Maziwa yanabeba ule moshi wote. Ukipoa kidogo parua vinyama vilivyoshika kwenye maungio, utashangaa, huwa haikosi kiganja kizima, vitie kwenye sosi. Mfupa wenyewe bado haujaisha, ufunge uweke kwenye friza, siku ya maharage utumbukize humo.