Minya: saa saba yao si saa saba yetu

Nilikuwa Minya, mji wa Misri kando ya mto Nile. Dereva alinipigia usiku akaniambia kesho tunaondoka "is-saa sabaa". Nikajibu "tayyib", nikavuta shuka, nikalala. Kiarabu changu ni cha madrasa, lakini kuelewa saa na saba simhitaji ustadhi. Kesho yake, kwenye saa nne, nilikuwa mkahawa wa mtaa wa pili naagiza glasi nyingine ya chai, simu nimeiacha chumbani inachaji. Kumbe mwenzangu yuko mlangoni pa lokanda, yaani nyumba ya wageni, tangu saa moja asubuhi, yeye na askari wawili.

Wamisri husoma saa kama mshale unavyoonyesha. Saba ni saba. Sisi ndio tunaoanza kuhesabu jua likichomoza. Mtego uko kwenye sita, saba na tisa, kwa sababu hizo tulizichukua kwao; ukizisikia unadhani uko nyumbani. Kwa hiyo ukipewa miadi Misri, uliza na asubuhi au jioni, kisha muombe mtu akuandikie. Na kabla ya safari jifunze tarakimu zao, kazi ya nusu saa tu. Tano yao ni duara, utaisoma sifuri. Sifuri yao ni nukta. Mimi niliwahi kukalia kiti cha mtu kwenye treni kwa sababu hiyo, na alikuwa mzee mwenye fimbo.

Kwa nini Minya? Treni za kwenda Luxor na Aswan hupita pale, kilomita 245 hivi kusini mwa Cairo, na watalii hawashuki. Nilitaka kujua wanaacha nini. Lokanda mbili za kwanza zilinikataa kwa adabu, hazipokei wageni kutoka nje ya nchi. Ya tatu ilinipokea ikaniuliza maswali mengi. Panga chumba mapema na upige simu kuthibitisha kwamba wanapokea mgeni, usitegemee bahati yangu.

Vumbi la Minya ni jeupe. Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, kuna machimbo ya mawe ya chokaa, na watu wanaofanya kazi huko hutoka wakiwa kama wamemwagiwa gunia la sembe. Unga ule hupanda malori, huvuka nao mto, huingia kooni. Juu yake ongeza upepo wa khamasin wa majira ya kuchipua, ambao jina lake limetoka kwenye hamsini, kwa kuwa watu husema huvuma ndani ya siku hamsini. Mimi nilikwenda Machi, kosa langu mwenyewe. Nenda kati ya Novemba na Februari. Kifaa kilichonifaa kuliko vyote ni kikoi: nilijifunga usoni, nikakitandika kwenye kiti cha basi, nikafunikia kamera.

Siku ile ya saa saba tulifika Beni Hasan jua likiwa utosini. Ni makaburi 39 yaliyochongwa kwenye jabali, ukingo wa mashariki, kama kilomita 20 kusini mwa mji, na yana umri wa miaka 4,000 hivi. Unapanda ngazi ndefu, halafu mlinzi anafungua mlango wa chuma. Ndani ya kaburi la Baqet wa Tatu, gavana wa zamani wa jimbo hilo, ukuta mzima ni watu wanapigana mieleka. Jozi zaidi ya 200, mmoja kapakwa rangi iliyokoza na mwenzake iliyofifia ili usichanganye mguu wa nani umemtega nani. Ukizifuata safu kwa safu, unaona mtu anashikwa kiuno, ananyanyuliwa, anapigwa chini. Nilikaa humo karibu saa nzima na hakuna aliyenisukuma nimpishe apige picha. Luxor hupati hilo.

Ulinzi nao. Kwa miaka mingi Minya imekuwa na desturi ya polisi kuwasindikiza wageni, hasa ukitoka nje ya mji. Ukisafiri peke yako inakera mwanzoni: umejiandaa kuwa huru, unapewa watu wawili na bunduki. Usibishane. Panga sehemu moja kwa siku, maana kusubiri kutakula nusu ya siku hiyo. Na beba maongezi. Askari mmoja aliniuliza kama mimi Msudani. Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema "Simba!" Nikajitutumua, nikamkumbusha Februari 2021, tuliwafunga Al Ahly bao moja bila Dar es Salaam, Miquissone. Hakujibu. Aliinua kiganja chake chote, vidole vitano. Na kweli, mwaka 2019 walitupiga tano bila kwao. Tangu hapo safari ilikuwa nyepesi, na chai akalipa yeye.

Akhetaten, mji wa Farao Akhenaten ambao leo unaitwa Amarna, ni kusini zaidi. Sanamu ya kichwa cha Nefertiti ilifukuliwa huko mwaka 1912 na iko Berlin. Palepale utaona zaidi misingi na jangwa, kwa hiyo soma kwanza, la sivyo utarudi ukinung'unika.

Lakini kama una mchana mmoja tu, nenda Zawyet el-Mayitin. Jina lenyewe Mswahili analisikia: maiti. Ni makaburi ya watu wa Minya, kuba za udongo zimebanana maelfu kwa maelfu hadi chini ya mlima, zote rangi ya vumbi lile. Hakuna kiingilio. Vaa kwa heshima, salimia, usiwapige picha waliokuja kuzuru wafu wao.

Jioni zangu zilikuwa kando ya mto, ambako familia nzima hutoka kupunga upepo. Juisi ya miwa, ful, yaani maharage yao yaliyopikwa yakalainika, taamiya, kama bajia za maharage hayohayo, na asali nyeusi ya miwa iliyochanganywa na ufuta, unachovya mkate. Mzee muuza chai, niliyemwita ami, kila nikisema "uridu" ya madrasa, yaani nataka, alicheka hadi akaweka birika chini. Huko husema "ayiz". Nikajifunza, akasikitika.

Siku ya mwisho dereva alitakiwa anipeleke stesheni. Safari hii nilimpa kalamu, akaniandikia saba kwenye kiganja, mfano wa herufi V, na chini yake "asubuhi". Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni na begi langu. Yeye alifika saa mbili.