Ukipeleka historia ya ukoo kwenye kikao cha familia, acha nafasi wazi

Mbukwenyi ndugu zangu. Ukoo wetu tunakutana kila Desemba kijijini, huku Dodoma upande wa Mvumi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nakusanya majina ya wazee, nani alizaa nani, nani alitoka wapi. Mara ya kwanza kuyapeleka mbele za watu nilikosea vibaya, na kwa kuwa naona vijana wengi saivi wanaanza kazi kama hii nataka niwaambie nilichojifunza maana kiliniuma sana.

Nilichapisha bango kubwa kule mjini, limekamilika, rangi nzuri, mistari imenyooka, majina zaidi ya mia. Tukalitundika kwenye turubai nikapewa maiki nikaanza kusoma kuanzia babu mzaa babu mpaka watoto wa juzi, nusu saa nzima. Watu wakapiga makofi basi, wakaenda kwenye pilau. Baadaye wakati vyombo vinaoshwa nikamwona bibi mdogo, yaani mke wa pili wa marehemu babu, amesimama peke yake mbele ya lile bango. Hasomi sana ila majina ya watoto wake anayajua kwa macho, akawa anapitisha kidole taratibu, jina moja, jingine, anarudi nyuma anaanza upya. Nikamsogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, na wale wangu wawili mbona siwaoni?"

Sikuwa najua kama kuna wawili. Walikufa wadogo, mmoja hajatembea hata, na baba zangu wote niliowahoji hakuna aliyewataja, mi nikaandika wale waliokua tu. Kwa bibi ule ukoo wangu uliochapishwa vizuri ulikuwa umewafuta wanawe, na bango la kuchapisha huwezi hata kuongeza kitu, hamna nafasi.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ndo huu, usipeleke kitu kilichoisha. Mwaka uliofuata nilinunua karatasi za manila nikaziunga kwa gundi, nikaandika kwa penseli, na kila tumbo nikaliachia nafasi pana chini, pale nisipokuwa na uhakika nikaweka alama ya kuuliza kubwa ionekane kwa mbali. Sikusoma chochote kwenye maiki. Nilizitandika kwenye meza chini ya mti karibu na wanapokaa wazee, nikaweka penseli nyingi na ufutio, nikakaa pembeni. Ndani ya saa moja shangazi zangu walikuwa wanabishana kwa nguvu nani alizaliwa kabla ya nani, na kwenye ule ubishi nilipata vitu ambavyo nikiwahoji mmoja mmoja sikuwahi kuvipata. Mtu ukimuuliza swali anakujibu kifupi ila akiona umekosea anakuelezea mpaka jua linazama.

Halafu mwaka, jamani usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani, atakutajia ule wa kwenye kitambulisho na mara nyingi ule uliandikwa kwa kukisia. Uliza kulikuwa na nini. Huku kwetu kuna njaa ya Mtunya, ile ya kuanzia 1917 mpaka 1920, wakati wa vita Wajerumani na Waingereza walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, halafu mvua nayo ikagoma, watu wakafa wengi na wengine wakatawanyika. Bibi zetu walikuwa wanasema fulani ni wa Mtunya, fulani baada ya Mtunya, na hapo unapata pa kushika. Nyuma kidogo kuna reli, ilifika Dodoma 1910. Mbele kuna mashamba ya karanga ya Waingereza kule Kongwa, yalianza 1947 yakaachwa 1951. Halafu Operesheni ya 1971 watu walipotolewa kwenye tembe zao zilizotawanyika wakapelekwa vijiji vya ujamaa. Mimi haya nimeyaandika pembeni ya manila kama ngazi, mtu akifika anasema mama alikuwa na mimba yangu tunahamishwa, unaweka jina lake pale pale.

Kama familia yenu ni ya kanisa, nendeni mkaombe kuangalia vitabu vya ubatizo, kwa adabu na mkiongozana na mzee anayefahamika pale. Ila kuweni makini na herufi, Cigogo, yaani lugha yetu Wagogo, kinaandikwa kwa C peke yake na Kiswahili tunaweka Ch, kwahiyo jina moja linaweza kuwa sehemu mbili tofauti kitabuni. Mimi nilimtafuta ndugu wa babu siku nzima kwenye Ch wakati yupo kwenye C.

Kitu kingine ambacho huku Dodoma lazima ukiseme mapema ni ardhi. Tangu serikali ihamie huku na Dodoma kuwa jiji 2018 mashamba ya pembeni yamepanda bei kupita maelezo, kwahiyo ukianza kuuliza babu alikuwa na watoto wangapi na alilima wapi kuna watu hawalali. Baba mdogo mmoja aliacha kupokea simu zangu miezi mitatu, alidhani natafuta ushahidi wa kugawana shamba. Nenda kwa wakubwa wa ukoo kwanza, kaa nao, waeleze kwamba unataka majina na habari za watu na sio mipaka, halafu mwombe mmoja wao asimame siku ya kikao aseme hivyo yeye mwenyewe. Kwetu alisema babu mkubwa, na yule baba mdogo ndiye aliyeniletea picha ya zamani kuliko zote tulizonazo.

Siri nazo. Utakutana nazo, mtoto ambaye baba yake sio anayejulikana, mke aliyerudishwa kwao. Hizo haziandikwi kwenye karatasi iliyo mezani wala kutumwa kwenye group la WhatsApp, zinabaki kwa mwenyewe mpaka aamue yeye, hata kama mchoro utabaki na pengo. Na ukitaka kurekodi sauti omba ruhusa, mi huwa namwonyesha mzee simu, namchezea sekunde chache ajisikie, wengi hapo wanacheka na baadaye wanaongea vizuri zaidi.

Nirudi kwa bibi mdogo. Ule mwaka wa manila nilimfuata siku moja kabla ya kikao, tukakaa jikoni anachambua mlenda, akanitajia majina ya wale wawili na mimi nikayaandika mbele yake, mahali pao kabisa kati ya kaka na dada zao. Akasema mkubwa wao alizikwa kule mahame, kule walikokuwa wanakaa kabla ya kuhamishwa kwenye operesheni, wakaondoka na kaburi likabaki.

Asubuhi ya siku ya pili tulienda, watu kumi na mbili na bibi kwenye pikipiki taratibu nyuma ya mjukuu. Hakuna tembe tena, kuna mbuyu na jiwe la kusagia limezama nusu kwenye udongo. Bibi aliuzunguka ule mbuyu mara mbili, akahesabu hatua kuelekea jua linakotokea, akasimama akasema ni hapa. Vijana wakakusanya mawe wakapanga. Bibi akavua kilemba akakaa chini pembeni ya yale mawe, na sisi tukakaa naye.