Ibuprofeni kila siku, itanikinga na kansa ya ngozi?

SWALI: Shikamoo dokta, mi mgongo umenitesa miaka, namezea ibuprofeni karibu kila siku. Mamangu alikatwa kansa ya ngozi puani, sasa nasikia eti ukiwa na jini fulani za uvimbe hizi dawa zinakukinga. Nipime hizo jini? Na niendelee kumeza?

JIBU: Marahaba. Ni jeni lakini, jini tuwaachie waganga 😄

Ulichosikia sio uzushi mtupu. Jua likikuunguza, ngozi inawasha jeni inaitwa PTGS2, hiyo inatengeneza kimeng'enya COX-2, nacho kinazalisha prostaglandini, ndo zinazofanya pawe pekundu pavimbe paume. Tabu ni kwamba hizohizo zinachochea seli zigawanyike, hata zile ambazo mionzi imeshaziharibu, na hapo ndo kansa inapopata upenyo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zote zinaziba COX, parasetamoli kwenye uvimbe haina nguvu hiyo, usiihesabu.

Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2010, watu 240 wenye mabaka ya jua (yale magumu yanayokwaruza, yanaweza kugeuka kansa), baadhi wakapewa selekoksibu, dawa ya maumivu inayoziba COX-2, miezi 9 na wengine vidonge visivyo na dawa. Mabaka hayakupungua kuliko kwa wenzao ila kansa mpya za ngozi zilikuwa chache kwa waliomeza dawa. Inatia moyo kweli, lakini ukija kwa watu wanaomeza tu dawa zao za maumivu majibu yanapishana, tafiti nyingine zinaona kinga kidogo nyingine hazioni kitu, na zile za kuwagawa watu kwa jeni ndo zinayumba zaidi. Jua ulilopigwa na rangi ya ngozi yako vinasema mengi kuliko PTGS2, kwahiyo hela ya kipimo kaa nayo.

Mimi kinachonitisha ni hiyo "karibu kila siku". Vidonda vya tumbo, kutoka damu ndani, figo, presha, moyo. Vioxx, ndugu yake selekoksibu, iliondolewa sokoni 2004 sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tena zingine kama ketoprofeni na piroksikamu zinafanya ngozi iungue na jua kirahisi zaidi, sasa kinga gani hiyo! Usimeze kwa ajili ya kansa, na huo mgongo wa miaka ukachunguzwe.

Ya mama yako ndo ya kushika. Jikinge na jua, na ukiona kidonda kinafunga, kinatoa damu, kinafunga tena wiki kadhaa hakiponi, au doa linabadilika rangi na umbo, nenda kwa daktari wa ngozi, umtajie na hizo dawa unazomeza.