Trekta lile si langu

Ndugu zangu wa Mbagala, maneno yanayozunguka hapo nyumbani yamenifikia. Eti nina trekta langu, nalipwa kwa kukaa kwenye usukani, na kutuma pesa ni roho mbaya tu inanizuia. Yote hayo yametokana na picha moja niliyomtumia mama.

Trekta ni la bosi. Ni dogo, injini yake ya nguvu ya farasi 25 hivi, na halina kibanda cha dereva, upepo wote ni wako. Hapa Winnipeg, Kanada, tunalitumia kuondoa theluji kwenye njia za miguu na maegesho yenye kona, kule ambako mitambo mikubwa haipiti. Tunaitwa usiku wa manane ili watu wakija kazini wakute pameshasafishwa. Injini inalala imechomekwa kwenye umeme ipate joto, na dizeli lazima iwe ya msimu wa baridi, kwa sababu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri ile ya kawaida inaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya mwezi wa saba. Theluji unaisukuma mpaka mwisho kabisa wa eneo hata kama ni kidogo. Ukiirundika karibu inageuka jiwe, na itakayoanguka baadaye hutakuwa na pa kuiweka. Mashine ya kurushia theluji ikiziba, zima injini, chokoa kwa kijiti. Mkono usiingie humo kamwe! Visu vinaweza kujizungusha hata injini ikiwa imezimwa. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliacha vidole viwili humo.

Hayo yote nayamudu. Kinachoniumiza ni Januari. Mimi nalipwa kwa saa, tena theluji ikianguka tu. Na ile baridi kali kuliko zote mara nyingi huja anga ikiwa safi, bila wingu wala theluji. Siku zinapita, simu ya bosi hailii. Zinazolia ni zenu, maana ndiyo shule zimefunguliwa: ada, sare, madaftari, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mimi huku nami nina kodi ya chumba. Nikisema sina, nimebadilika. Baba mdogo, kwa heshima zote, lile neno la kwamba nimesahau nilikotoka limenichoma. Mwaka jana nilikopa kwa watu nikatuma, sikumwambia mtu.

Mdogo wangu, usiuze kiwanja cha Chanika. Nakusihi. Huyo anayekuahidi viza ukimpa pesa mkononi atakula pesa, na kiwanja hakitarudi. Baki hapo. Lakini kama roho yako haitulii, nenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe usome umeme, umalize, ufanye kazi, upate vyeti na uzoefu, ndipo tuongee. Huku utaanza tena na mitihani yao, ila utakuwa na ufundi mkononi. Nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege na koti. Usikubali tu kuja kufanya kazi ya kusubiri wingu.

Mama, shikamoo. Ada ya mtoto wa dada niliitenga tangu Desemba, naituma Ijumaa. Kodi ya nyumba siwezi kwa sasa. Baba mdogo amwombe mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu kwanza, na hiyo mitatu mchangiane hapo.