Maswali na Majibu ya Kompyuta: Mafaili Yanayochelewa Ndani ya Ofisi Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, nina studio ndogo ya picha na video za harusi hapa Mwanza. Tuna kompyuta nne zilizounganishwa kwa kebo kwenye ruta tuliyopewa na kampuni ya intaneti, na mojawapo ndiyo tunayotunzia kazi zote. Kuhamisha video za harusi moja, ambazo hufika gigabaiti 60, hutuchukua saa moja na nusu, na dirisha la kunakili huonyesha megabaiti 11 kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliongeza kifurushi cha intaneti, lakini hakuna kilichobadilika. Sasa fundi anatushauri tununue kompyuta mpya. Je, tufuate ushauri huo?
Mwenye studio, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue kompyuta kwa sasa. Katika barua yako mna jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote, nalo ni hiyo 11 isiyopanda wala kushuka. Kebo na matundu ya mtandao hupimwa kwa megabiti, ilhali dirisha la kunakili huhesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Muunganisho wa megabiti 100 kwa sekunde, ukigawanywa kwa nane, hauwezi kuzidi megabaiti 12.5, na ukiondoa nafasi inayochukuliwa na anwani na taarifa za udhibiti zinazoambatana na kila pakiti ya data, zinabaki megabaiti 11 na kitu. Mtandao wenu, kwa hiyo, unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Tatizo ni kwamba mahali fulani kati ya kompyuta mbili umefungwa kwenye megabiti 100. Kompyuta mpya ingesubiri foleni ile ile. Kama kosa lingekuwa la diski iliyochoka au la antivirusi inayokagua kila kinachopita, kwa kawaida mngeona kasi inayoyumba, mara 40, mara 15, mara 3, na si mstari ulionyooka namna hiyo.

Kuhusu kifurushi, video inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya studio haipiti kwenye intaneti kabisa. Hata kebo ya kampuni ya intaneti ikichomolewa, kazi hiyo itaendelea kwa kasi ile ile.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kila kompyuta imekubaliana kasi gani na kifaa ilichochomekwa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bofya mara mbili muunganisho wa Ethernet. Dirisha litakalofunguka litaonyesha 100 Mbps (megabiti 100 kwa sekunde) au 1.0 Gbps (gigabiti moja, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde). Zikionyesha 100 zote nne, mshukiwa ni ruta. Ruta nyingi zinazogawiwa na kampuni za intaneti zina matundu ya megabiti 100 tu, na kibandiko cha chini au kijitabu chake kitakuambia. Huna haja ya kuibadilisha: nunua swichi ya gigabiti, yaani kisanduku cha matundu ya kebo kinachounganisha kompyuta, kilichoandikwa 10/100/1000, chomeka kompyuta zote kwenye swichi hiyo, kisha toa kebo moja tu kutoka kwenye swichi hadi kwenye ruta. Mafaili yatapita ndani ya swichi kwa kasi kamili, na ruta itabaki na kazi ya intaneti peke yake.

Ikiwa kompyuta moja tu ndiyo inayoonyesha 100, angalia kwanza kama kadi yake ya mtandao ni ya gigabiti, maana kompyuta za zamani na adapta za bei ya chini za USB mara nyingi si za gigabiti. Kama kadi ni nzima na ya kisasa, kagua kebo, na hapa naomba uwe na subira, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, yaani jozi nne zilizosokotwa: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za pini 1 na 2 na pini 3 na 6. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Waya mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika ndani ya plagi, kadi nyingi hushuka zenyewe hadi 100 bila kutoa onyo lolote, intaneti inaendelea kufunguka vizuri, na hakuna anayeshuku kebo.

Ishike plagi mkononi na uitazame kwenye mwanga, sehemu ya ndoano ikielekea chini. Kutoka kushoto, mpangilio wa kawaida, unaoitwa T568B, ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Zingatia kwamba jozi ya kijani inaikumbatia jozi ya buluu. Wako wanaobana plagi kwa kupanga kila jozi pembeni ya nyingine, kwa kuwa ni rahisi kukumbuka, na wakifanya hivyo pande zote mbili, kile kipima kebo chenye taa nane kitawaka taa zote kwa utaratibu. Taa hizo huthibitisha tu kwamba umeme unafika. Hazionyeshi kwamba pini 3 na 6 zimepewa nyaya za jozi mbili tofauti, na hivyo kupoteza ule msokoto unaozuia mwingiliano wa mawimbi. Kebo ya namna hiyo inaweza kufanya kazi ikiwa fupi, lakini kadiri urefu unavyoongezeka ndivyo makosa yanavyoongezeka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nahuzunika kila ninapoona mtu ametumia fedha za mtaji kununua mashine, na shida ilikuwa plagi ya plastiki ya bei ndogo.

Kwangua pia ncha ya waya kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu wa shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika upesi na hupoteza nguvu ya mawimbi zaidi kuliko shaba halisi. Kwa studio yenu, kebo ya Cat5e ya shaba tupu inatosha kabisa, mradi isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Baada ya matengenezo, pima mtandao wenyewe bila kuhusisha diski. Programu ya bure ya iperf3 hufanya kazi hiyo: kwenye kompyuta ya kutunzia andika iperf3 -s, na kwenye nyingine andika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya mtandao (IP) ya ile ya kwanza. Ukipata karibu megabiti 940, mtandao ni mzima. Ukipata karibu 94, bado umefungwa. Ukiwa mzima, gigabaiti zako 60 zitahama kwa takriban dakika kumi, alimradi diski za pande zote mbili zimudu megabaiti 110 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka iliyojaa inaweza kushindwa, na hapo ndipo patakuwa na sababu ya kufikiria kununua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, si kompyuta nzima.

Nakuomba jambo moja zaidi: mtu asikushauri kulazimisha kasi kwenye mipangilio ya kadi. Iache ijichagulie pande zote mbili. Upande mmoja ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja, na mwingine ukaachwa ujichagulie, ule wa pili huangukia kwenye kutuma na kupokea kwa zamu, pakiti zinagongana, na kasi inashuka chini hata ya hiyo 11.

SWALI: Mimi ni karani wa shule. Mtandao wetu ni wa gigabiti na video huhama upesi, lakini folda ya picha ndogo za wanafunzi na hati zilizochanganuliwa, maelfu kwa maelfu, hutambaa kwa chini ya megabaiti moja kwa sekunde. Kosa liko wapi?
Karani, Kericho

JIBU: Hapa kebo haina hatia. Kwa kila faili, kompyuta mbili hulazimika kuulizana na kujibizana: fungua, andika, weka tarehe, funga. Faili likiwa kubwa, mazungumzo hayo hayaonekani. Yakiwa maelfu ya mafaili madogo, mazungumzo ndiyo yanayokula muda wote, na antivirusi huongeza ukaguzi wake juu ya kila moja. Funga folda nzima iwe faili moja la zip, lihamishe, kisha ulifungue upande wa pili. Kama ni kazi ya kila wiki, tumia robocopy, amri ya kunakili ambayo imo ndani ya Windows, pamoja na /E ili ichukue folda za ndani, na /MT:16 ili inakili mafaili kadhaa kwa wakati mmoja. Usiongeze /MIR bila kuelewa unachofanya, kwani hufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza, na kumbukumbu za wanafunzi si kitu cha kufanyia majaribio.

SWALI: Kompyuta mpakato mbili, zote kwa Wi-Fi, umbali wa meza mbili. Mbona hazifikii hata nusu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi la ruta?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sababu faili hupita hewani mara mbili, kutoka kompyuta ya kwanza hadi ruta na kutoka ruta hadi ya pili, na kwenye chaneli moja huzungumza mmoja kwa wakati mmoja. Chomeka hata moja tu kwa kebo, na kasi itakaribia kuongezeka maradufu. Ile nyingine ihamishie kwenye masafa ya GHz 5. Kama ni lazima ibaki GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.