Aliyekufunga si mkeo

BARUA: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mkazi wa Tanga. Mwaka 2012 nilikamatwa kwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha ambao sikuufanya. Mwaka 2013 nikahukumiwa miaka 30, nikapelekwa gereza la Maweni. Mwaka 2015 tuliweka wakili wa kulipa, tukashindwa Mahakama Kuu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaniachia huru, ikasema shahidi aliyedai kunitambua usiku hakueleza vya kutosha. Nimerudi nakuta mke wangu wa ndoa ya Kiislamu anaishi na fundi seremala na wamezaa. Kiwanja changu cha Pongwe kimeuzwa tangu 2015. Alikuja kunitazama miaka minne tu, akaacha. Kweli nilimwambia aendelee na maisha yake, lakini nilisema kwa huruma tu, sikujua atachukulia kweli. Binti yangu yuko kidato cha nne. Mdogo wake wa kiume, niliyemwacha ananyonya, ananiita anko, yule fundi anamwita baba. Nilimkanya kidogo, tangu siku hiyo hataki kuja. Nakaa kwa kaka yangu, naye ananishauri nimshtaki huyu mwanamke, nidai kiwanja changu na nichukue wanangu. Usiku silali. Naomba ushauri, maana nimeonewa na kila mtu.
Niliyeonewa, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Miaka kumi na zaidi ya kuhesabiwa asubuhi na jioni, ya kulala ubavu mmoja mpaka nyapara aseme geukeni, kwa kosa la mtu mwingine, hilo siwezi kulipunguza kwa maneno. Nakuamini kwamba hukuiba. Najua mtaani wapo wanaonong'ona kwamba umetoka kwa ufundi wa wakili. Waache. Tangu kesi ya mshtakiwa aliyeitwa Waziri Amani mwaka 1980, majaji wetu wamekuwa wakisema shahidi aliyemwona mtu usiku lazima aeleze mwanga ulikuwa kiasi gani, alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na kama alimjua kabla. Wengi wametoka jela kwa sababu shahidi alisema "nilimtambua" akaishia hapo. Huo si ujanja. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na ingefuatwa siku ya kwanza, wewe usingefika Maweni.

Pole imetosha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona mambo uliyoyaandika bila kuyaona mwenyewe.

Unasema kiwanja kiliuzwa 2015. Mistari miwili juu yake unasema 2015 mliweka wakili wa kulipa. Mliweka, wewe na nani? Wewe ulikuwa ndani, hukuwa na hata senti ya sabuni. Kaka yako huyu anayekushauri leo, barua yako haisemi kama alitoa shilingi. Kwa kesi ya mauaji mahakama humpangia mshtakiwa wakili. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, watu wamehukumiwa miaka 30 huku wamesimama peke yao kizimbani. Mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, mwaka huo huo wa 2015, katika kesi ya Alex Thomas, ikasema kumwacha mtu hivyo bila wakili ni kumnyima haki. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ilikuja 2017. Kwa hiyo mwaka ule mke aliyetaka wakili alikuwa na njia moja, kuuza. Mama watoto wako hayupo hapa kujitetea, basi leo mimi ndiye wakili wake, na simtozi: kiwanja chako umekila wewe mwenyewe kwenye rufaa. Kwamba mlishindwa, hilo muulize wakili, usimuulize aliyemlipa.

Tuje kwenye kutembelewa. "Miaka minne tu." Hilo "tu" lako limenikera. Mwanamke ana mtoto wa kwanza anayeanza shule na wa pili yuko mgongoni, anaamka alfajiri, anapanga foleni getini na mfuko wa dawa ya mswaki na sabuni vipekuliwe mbele za watu, anaitwa mke wa jambazi na wenzake kwenye daladala, ili aongee nawe dakika chache na askari amesimama pembeni. Miaka minne. Nawajua wanaume ambao mke akilazwa wiki mbili wanatafuta wa kuwapikia.

Kisha ukamwambia aendelee na maisha yake. Wewe unalitaja kama tendo la wema ulilotegemea alikatae. Mwanangu, ulikuwa na kifungo cha miaka 30. Ulitaka afanye nini, alie, aseme hapana, nitakusubiri mpaka 2043? Maneno ya mdomoni mwako ndiyo aliyoyabeba kwenda nayo nyumbani. Na hata usingesema, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakihesabu kifungo cha kuanzia miaka mitano kuwa mojawapo ya sababu ambazo mahakama inaweza kuzitazama kuona ndoa imevunjika. Waliotunga sheria walijua kwamba mke naye anahukumiwa siku ile ile, tofauti ni kwamba yeye halishwi na serikali.

Hapo hapo nitamkosoa, usije ukasema shangazi anapendelea. Alipaswa kwenda Bakwata, baraza la Waislamu, au kwenye baraza la usuluhishi, adai talaka yake kwa njia iliyonyooka, ndipo aende kwa huyo fundi. Kuhama kimya kimya kumemweka pabaya yeye na huyo mtoto aliyezaa na fundi. Kama neno ulilomwambia linahesabika kuwa talaka au la, hilo wapelekeeni masheikh, watakuuliza ulinuia nini siku ile. Lakini namwelewa. Mwenye njaa hana miiko.

Na hili ndilo tatizo la ndoa za siku hizi, ngoja niliseme hata kama halikuhusu wewe peke yako. Bibi harusi akitaka kuolewa leo, linaundwa kundi la WhatsApp la watu mia mbili, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kadi zinachapwa, ukichelewesha ahadi unapigiwa simu usiku. Mamilioni yanakusanywa kwa ajili ya ukumbi na muziki wa siku moja. Ndoa hiyo hiyo ikipatwa na jela, ugonjwa au msiba, kamati haionekani. Nioneshe kundi moja lililoundwa kumchangia mke wa mfungwa kodi ya chumba. Halipo. Ndugu wa mume wanakuja mara moja, wanauliza jokofu liko wapi, wanaondoka nalo. Halafu mume akitoka wanakuwa wa kwanza kumwambia "mkeo hakukusubiri". Adui wa mtu ni mtu. Naona nimekwenda mbali, lakini kaka yako na asome hapa.

Turudi kwa mtoto. "Nilimkanya kidogo." Kidogo kiasi gani? Mtoto hakimbii kwa kukanywa. Naona mkono hapo, au kelele ya aina waliyokuwa wakikupigia huko ndani. Alikuwa ananyonya ulipokamatwa. Hakujui. Aliyemtengenezea kitanda ni yule fundi. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na ugali wa jioni havijafutwa, na binti yako hakufika kidato cha nne kwa kula hewa. Halafu unataka kuwachukua watoto hao uwapeleke kwenye nyumba ambayo wewe mwenyewe ni mgeni?

Sasa sikiliza. Wewe hutarudi kwa huyo mke, na yeye hatarudi kwako. Nenda Bakwata, itisheni kikao cha watu wazima wachache wenye adabu, kaka yako asiwemo, mpe talaka yake ya maandishi na muweke kwa maandishi pia mambo ya watoto: siku gani unawaona, na ukipata kazi utachangia nini. Kesi ya kiwanja iache. Utapoteza nauli, na binti yako ataitwa kutoa ushahidi dhidi ya mama yake mwaka wa mtihani.

Ukitaka kushtaki, washtaki waliokushtaki. Kushinda rufaa peke yake hakuleti fidia. Katika kudai kwamba ulishtakiwa kwa hila, lazima uthibitishe kwamba waliokupeleka mahakamani hawakuwa na sababu ya msingi na walikuwa na nia mbaya. Ni mlima. Serikali nayo hupewa notisi ya siku 90 kabla ya kesi, na madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, kwa hiyo usikae barazani ukihesabu. Watafute watu wa msaada wa kisheria, waisome hukumu yako, wakuambie ukweli. Wakisema hapana, kubali.

Hukumu hiyo, itoe nakala uwe nayo. Za Mahakama ya Rufani nyingi zipo TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, kijana yeyote wa stationery atakuchapishia. Anayetaka kukuajiri akiuliza, mpe aisome, usimhadithie. Kisha nenda serikali ya mtaa uchukue barua, uende NIDA wanakotoa kitambulisho cha taifa. Ulipoingia ndani laini ya simu ilinunuliwa kama karanga. Leo bila namba ya NIDA na alama za vidole huwezi kusajili laini, na bila laini hakuna wa kukutumia hata shilingi elfu tano. Barua nzima hukutaja kazi hata mara moja. Shambani au karakanani, kuna kitu mikono yako ilijifunza huko. Anza nacho. Kwa kaka yako wewe ni mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe.

Kutolala kwako si uchawi wala si kisirani cha huyo mwanamke. Aliyelala miaka kumi na taa inawaka na watu wamembana kila upande hawezi kulala peke yake gizani kwa sababu tu jaji kasema aende. Nenda hospitali ya Bombo, uliza watu wa afya ya akili, waeleze hivyo hivyo ulivyonieleza, pamoja na hasira.

Mtoto wa kiume usiende kwake na madai. Omba ruhusa kwa mama yake, mkute hapo hapo anapoishi, nusu saa, kisha ondoka kabla hajachoka nawe. Rudi wiki inayofuata. Akikuita anko, itika. Na fundi ukimkuta barazani msalimie. Kumshukuru si lazima leo kama roho haijakubali, salamu inatosha.